Mfereji wa Matabishi

Mpunga hauulizwi kwa macho. Macho yanaona ganda tu, na ganda la mpunga ni kama suti ya mwanasiasa: linang'aa, limenyooka, na ndani hujui kuna nini. Mpunga unaulizwa kwa jino. Unachukua punje kutoka juu ya gunia, punje kutoka katikati, punje kutoka chini kabisa ambako mwenye gunia asingependa ufike, unaziweka moja moja juu ya gego na kubana. Ikikatika na kulia "ka", imekauka, unaweza kuzungumza na mwenyewe. Ikibonyea bila kusema neno, imejaa maji, na mwenyewe ataanza kukusimulia jua kali la kwao.

Kazi hii nimeifanya Kindu kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kuihesabu, ingawa nimeihesabu, mara mbili. Nanunua mpunga wa watu wa Kibombo na wa vijiji vya kandokando ya mto Lualaba, naupeleka mashine, nauza mchele. Kuna wenzangu wanaotikisa gunia na kusikiliza. Kuna wanaoingiza mkono na kufumba macho kana kwamba wanaomba. Mimi nina gego moja la juu upande wa kulia, na mwenzake wa chini. Hayo mawili njo ofisi yangu; njo ni "ndiyo" ya kwetu.

Nasema mawili kwa sababu mengine hayakutani. Ukiutazama mdomo wangu kwa haraka utasema, huyu mama ana meno. Ukiyahesabu, utakuta mengi ni wajane: la juu lipo, la chini limekwenda zamani, au kinyume chake. Upande wa kushoto hakuna hata jozi moja iliyobaki. Na upande huo, naomba nieleweke, haukuharibiwa na sukari. Uliharibiwa na vita, pamoja na ukarimu wa muuguzi mmoja.

Wakati wa vita njia zote za Kindu zilifungwa. Treni haiji, mashua hazishuki, mashamba yako pale pale lakini kati yako na shamba kuna watu wenye bunduki wasiopenda kuona mtu amebeba jembe. Njia iliyobaki wazi ilikuwa ya makaburini. Hiyo haikuwahi kuwekewa kizuizi. Mimi nilikuwa msichana aliyemaliza shule, kwa maana ya kwamba shule yenyewe ilikuwa imemalizika. Na katika hali hiyo nzuri, gego langu la chini kushoto likaamua kuuma.

Mama yangu alinisukutuisha maji ya chumvi mpaka chumvi ikaisha, na chumvi siku zile ilikuwa kitu cha kuonyesha wageni. Basi akanipeleka kwa muuguzi. Madaktari walikuwa wamepata safari, kila mmoja yake. Muuguzi alibaki, na koleo lake, na kiti alichokitoa kwenye darasa.

"Dawa ya ganzi iko wapi, baba?" mama yangu aliuliza.

"Iko ndani ya ndege."

"Ndege iko wapi?"

"Iko njiani, mama. Shika mutoto kichwa."

Mama akanishika kichwa, na mtu mwingine aliyekuwa akisubiri zamu yake akanishika miguu, kwa moyo wa kujitolea nisioweza kuusahau. Muuguzi akavuta. Jino likatoka. Akamkabidhi mama likiwa kwenye karatasi, kama mtu anayekabidhi nyama iliyopimwa. Mama akaligeuza huku, akaligeuza kule. Lilikuwa jeupe, na mizizi yake mizuri, halina hata tundu la kupitisha sindano.

"Baba," alisema mama, "hii jino iko muzima."

Muuguzi akaliangalia. Akaangalia mdomo wangu. Akaliangalia tena.

"Njo vile, mama. Mugonjwa iko pembeni yake. Wee mutoto, fungua tena."

Akang'oa la pili, na hilo kweli lilikuwa na tundu la kuingiza punje. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kuondoka sokoni bila maelezo, akamwekea yale meno mawili mbele yake na kumwuliza la kwanza alilitoa kwa nini. Muuguzi alikuwa akinawa mikono. Hakugeuka.

"Ile ya kwanza ni matabishi," alisema.

Kwa asiyejua soko letu: matabishi ni kile kidogo cha juu. Umenunua makopo matano ya mchele, muuzaji amepima, umekubali. Sasa anachota mkono mmoja wa ziada na kukumiminia, bure, ili urudi. Asipokupa, unasimama pale na kumwangalia hadi aone aibu. Muuzaji asiye na matabishi hazikwi na watu wengi. Lakini matabishi ni kitu unachoongezewa. Nadhani ni mimi peke yangu, mkoa mzima wa Maniema, niliyewahi kupewa matabishi kwa kunyang'anywa.

Tangu siku ile nahesabu kila kitu mara mbili, hasa kitu kinachoshikwa na mtu anayejiamini.

Kitu kingine nilichokibeba kutoka miaka ile ni ladha ya javeli. Kipindupindu kilikuja, tukagawiwa vichupa vya javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, vya kutia kwenye maji ya kunywa, kwa matone. Kazi ya matone ilikuwa ya mama. Aliinama juu ya ndoo na kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Bunduki zikilia ng'ambo ya mto, hesabu ilimpotea, akaanza tena kutoka moja, katika maji yale yale, bila kuyamwaga. Kwa hiyo siku za utulivu maji yalikuwa na ladha ya maji, na siku za mapigano yalikuwa na ladha ya shati lililofuliwa. Redio hatukuwa nayo. Tulijua hali ya mji kwa kunywa.

Vita vikaisha, au vilihamia kwa wengine. Meno yangu ya juu kushoto, kwa kukosa wa kusagana nao, yakalegea na kuondoka moja moja. Ya kulia nayo yakapungua kwa sababu zake. Nilibaki na ile jozi yangu. Niliitunza kuliko baadhi ya watu walivyotunza ndoa zao; nilipiga mswaki asubuhi, nikapiga tena, kwa kuwa sikuamini mara ya kwanza.

Basi juzi juzi hapa, mpunga mpya ukianza kuingia mjini, gego la juu likaniita. Mara ya kwanza kwa maji baridi. Halafu kwa chai. Halafu halikuhitaji kuitikia kitu, liliuma kwa mapenzi yake lenyewe. Nikaweka punje ya mpunga juu yake na kubana, nikaona nyota zote za Lualaba, na ilikuwa saa nne asubuhi.

Nikajaribu meno ya mbele. Meno ya mbele ni ya kuchekea watu, mpunga hauyaogopi. Siku hiyo hiyo alifika mzee mmoja wa Lokandu tunayefanya naye biashara miaka yote, mzee mwenye mtumbwi wake na sauti tulivu ya mtu anayesoma barua. Alileta magunia matatu. Akaniona nikiuma punje kwa mbele, kama panya.

"Mama, leo unauma na upande gani?"

"Upande wangu, mzee."

"Sawa, sawa," alisema, akatazama pembeni kwa adabu sana.

Adabu ile ingenitosha kujua, lakini nilinunua. Baada ya wiki mbili magunia yote matatu yalikuwa na ukungu wa kijani, yanatoa joto ukiyashika, kama mgonjwa. Nikayahesabu. Matatu. Nikayahesabu tena, labda ningebahatika. Matatu.

Kuanzia hapo kila mtu alikuwa daktari wangu. "Ng'oa tu, mama, usumbufu uishe." Shemeji yangu, ambaye anauza mahindi na hahitaji jino kwa kazi yake, alisema ng'oa. Jirani alisema ng'oa, yeye aling'oa yote na sasa ana amani. Nikamwambia naona, amani yenyewe inaonekana anapocheka. Walichokuwa hawaelewi ni kwamba likitoka hilo la juu, la chini nalo linakuwa mjane, na mimi nakuwa mama mwingine anayetikisa magunia na kusikiliza. Wazee wa mitumbwi wangejua kabla ya jua kuzama. Habari ya aina hiyo inapanda mto haraka kuliko mashua.

Nikasikia kuna dantisti, daktari wa meno, kwenye mtaa wa Mikelenge, mwanamke kijana, mzaliwa wa Lubutu, aliyesomea Kisangani. Ana nyumba ya vyumba viwili, vioo vya umeme wa jua juu ya bati, na kiti kinacholala chenyewe. Nilikwenda nikiwa na wasiwasi wa mtu anayejua viti. Akanipiga picha ya jino, akaiangalia kwenye mwanga, akaniita nije nione.

"Mama, hii jino inaweza kubaki. Mushipa wa ndani njo umekufa na kuoza. Tutafungua kutoka juu, tutoe uozo, tusafishe mifereji ya mizizi, halafu tuzibe."

"Iko na mifereji ngapi?"

"Tatu."

"Ulihesabu mara ngapi?"

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Mara moja, mama."

"Haya." Sikusema zaidi. "Na ukitoa mushipa, jino itasikia mupunga na nini? Mimi nafanya kazi na hii jino. Nauma punje, inaniambia kama imekauka. Ukinibakizia jino bubu, afazali uing'oe."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alivuta kigoda akakaa.

"Mushipa wa ndani unasikia baridi, moto na maumivu tu. Ile nguvu ya kuuma, kujua kama kitu ni kigumu ao laini, inasikia nyama inayoshika muzizi kutoka inje. Ile nyama mimi siigusi."

Nikamwambia arudie. Akarudia maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule. Hiyo ni alama ya mtu asiyeongopa, au ya mtu aliyezoea. Nikaamua kumjaribu.

"Kila mufereji utauosha mara ngapi?"

"Mpaka usafike."

"Mpaka si hesabu, Dokta. Mpaka ni neno la fundi wa nyumba."

"Mama... kila nikipitisha kitupa cha kukwangua, naosha. Inaweza kuwa mara nane, tisa."

"Tisa."

"Sawa, tisa."

"Na matabishi."

"Mama, hapa si soko!" Akacheka sasa, na kwetu mtu akicheka hivyo amekwisha kutia saini.

Nilichokuwa sijui ni kwamba mapatano hayo yangekuwa ya mwisho kwa mdomo. Aliponichoma sindano ya ganzi (ndege, inaonekana, ilikuwa imefika), alinivutia juu ya jino kipande cha mpira wa kijani, akakibana kwa chuma, na jino langu likabaki limetokeza peke yake kwenye tundu, kama mtu aliyechungulia dirishani. Sehemu yangu iliyobaki ilikuwa chini ya mpira, mdomo wazi, siwezi kusema hata "a". Miaka yote hii sijawahi kufungwa mdomo kwa kufunguliwa.

"Ikiumia, inua mukono wa kushoto," alisema.

Akatoboa jino kutoka juu. Kisha akaanza na vitupa, vyuma vyembamba kama sindano za kushonea, vyenye meno madogo ubavuni. Anaingiza kimoja ndani ya mzizi, anakizungusha, anakitoa na uchafu wake, anaufuta. Halafu anachukua bomba la sindano lenye ncha butu, anaingiza ncha taratibu bila kuikaza, na kusukuma maji. Maji yanarudi juu na taka, mrija unayafyonza. Kitupa, maji. Kitupa, maji. Nikaweka vidole vyangu juu ya mkono wa kiti na kuanza kazi yangu: moja, mbili, tatu.

Ndipo harufu ikanifikia. Kwanza nilidhani kuna mtu anaosha sakafu. Kisha nikamwona mama yangu ameinama juu ya ndoo.

Nikainua mkono wa kushoto.

"Inaumia, mama?"

Nikatikisa kichwa, nikaonyesha bomba.

"Ah, hii? Ni javeli, imepunguzwa na maji. Inayeyusha uozo pahali kitupa haifike, na inaua vidudu. Lakini usiimeze, eh? Si ya kumeza."

Si ya kumeza. Ujana wangu wote niliinywa, kwa amri ya serikali na kwa mkono wa mama yangu, na siku za mapigano nilikunywa mara mbili. Jibu nilikuwa nalo, zuri kabisa, na lilikaa chini ya mpira likaharibika.

Siku hiyo kila mfereji ulipata mara tisa zake. Akaweka dawa ndani, akaziba kwa muda, akanipa wiki moja. Wiki ikaisha, nikiligonga jino kwa ukucha bado linaruka kwa maumivu. Akafungua tena, akaosha, akaziba. Wiki nyingine. Nikiligonga, linaruka. Mpunga wa Kibombo umejaa mjini, wenzangu wananunua, mimi nimekaa juu ya benchi la depo yangu nikiwaambia watu kwamba nangoja uliokauka vizuri.

Mara ya tatu alinipokea bila tabasamu.

"Mama, siwezi kukudanganya. Leo nasafisha mara ya mwisho. Kama haikubali, hatutakuwa na njia. Tutaing'oa."

Nikalala kwenye kiti. Mpira, chuma, dirisha. Nje kulikuwa na wingu zito tangu asubuhi, chumba kina giza, taa yake ya kiti inapepesa. Akaanza. Mfereji wa kwanza: nikahesabu tisa. Wa pili: tisa. Wa tatu akaosha, akaosha, kisha akaweka bomba chini na kunyoosha mgongo.

Nane.

Nikarudia hesabu kwenye vidole. Nane. Nikainua mkono.

"Inaumia?"

Nikatikisa kichwa. Nikamwonyesha vidole vinane. Nikaonyesha mdomo wangu. Nikaongeza kidole cha tisa na kukitikisa peke yake.

"Mama, kumbe uko unahesabu?"

Nikamkazia macho. Mtu amebakiwa na macho mawili na vidole kumi, afanye nini kingine?

"Lakini wa tatu ni safi, mama. Maji inatoka nyeupe."

Kidole cha tisa.

Akapumua kwa nguvu, akachukua bomba, akaosha mara moja. "Haya. Tisa." Akalirudisha bomba mezani. Mimi kidole sikukishusha. Nilikikunja, nikakiinua tena, taratibu, kama mtu anayesimama mbele ya meza ya mchele baada ya kopo la mwisho. Hakuna aliyekulia Kongo hii asiyekijua kidole kile.

"Hapana," alisema. "Matabishi ya javeli?"

Nikafumba macho na kuyafumbua: ndiyo.

Nadhani alitaka tu nimwache aendelee na kazi. Alijaza bomba upya, akamimina javeli kwenye tundu la jino mpaka likajaa hadi ukingoni. "Matabishi yako. Umefurahi sasa?" Na hapo taa ikazimika. Betri ya vioo vyake ilikuwa haijaona jua tangu juzi. Akasema neno moja la lugha ya kwao, ambalo sikuhitaji kutafsiriwa, akaenda chumba cha pili kutafuta tochi ya kichwa.

Nikabaki gizani na javeli ndani ya jino. Nilihesabu hadi mia, nikaanza tena. Nilikuwa nimefika themanini na kitu aliporudi na tochi kwenye paji la uso, kioo mkono mmoja na mrija wa kufyonza mkono mwingine. Aliinama. Mrija ukasimama hewani.

"Ngoja," alisema.

Mtu anayechimba ndani ya kichwa chako akisema "ngoja", damu inasikia kabla yako.

"Usitikisike, mama. Iko inatoa mapovu."

Akaniinamia zaidi, mwanga wa tochi ukanipofusha. Alizungumza polepole, kama anayejieleza mwenyewe. Javeli inatoa mapovu inapokula uozo. Mifereji yetu mitatu imenyamaza, maji juu yake yametulia, kwa maana ya kwamba imekwisha. Lakini kando ya ule wa kwanza, mahali ambapo hapakuwa na tundu lolote, kulikuwa na uzi mwembamba wa mapovu unapanda, mmoja mmoja, kama pale samaki anapolala chini ya tope. Akachukua kitupa chembamba kuliko vyote na kukwaruza pale. Akakwaruza. Nikakisikia kikizama.

"Mama," alisema, "iko nne."

Miaka yote niliyoishi kwa maneno, na siku ambayo neno moja tu lingenitosha, mdomo wangu umejaa mpira. Sidhani nimewahi kupata hasara kubwa kama ile. Niliinua mikono yote miwili na kumwonyesha vidole vinne, halafu vinne tena, ili ajue ni mara mbili.

Hakuvitazama. Alikuwa ameketi na kitupa mkononi. "Magego ya hapa juu yanakuwaga na mufereji wa nne, unajificha ndani ya muzizi moja na ule wa kwanza," alisema. "Nilijua. Siku ya kwanza niliutafuta, sikuuona, nikasema haiko. Ningeng'oa jino inayoweza kupona. Ni kosa langu, mama. Unisamehe."

Nilimkumbuka mtu aliyenawa mikono bila kugeuka. Nikaishusha mikono yote miwili na kuiacha itulie.

Akauosha mfereji wa nne. Mwanzoni maji yalirudi ya kahawia, baadaye ya manjano. Nilihesabu, mtu haachi tabia kwa siku moja. Alipofika tisa hakusimama. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Sikuwa nimeinua kidole.

Wiki iliyofuata niliamka nikaligonga jino kwa ukucha. Kimya. Nikaligonga tena. Kimya. Dantisti akaiziba mifereji yote minne, akanionyesha picha: mistari minne myeupe, miwili imekaribiana kama watu wanaosengenya. Niliihesabu kutoka kulia, nikaihesabu kutoka kushoto. Alinionya nisiume kitu kigumu upande ule mpaka apate kofia ya kulifunika jino, ambayo inatoka mbali na itafika itakapofika.

"Punje ya mupunga ni kitu kigumu?"

"Mama."

"Nauliza tu."

"Moja. Moja moja, polepole."

"Na mbili?"

Akanifungulia mlango.

Mzee wa Lokandu alifika siku chache baadaye, na magunia sita mapya na sauti yake ya kusoma barua. Habari zilikuwa zimemfikia huko chini mtoni, zimefika na chumvi yake.

"Pole na jino, mama. Nasikia iliuawa."

"Iliuawa, mzee. Ikazikwa pale pale."

"Basi tufanye kwa kuaminiana. Sisi ni watu wa siku nyingi."

"Tufanye," nikasema, nikafungua gunia la kwanza.

Nitakiri hapa kitu ambacho mzee hakukijua: nilikuwa naogopa. Kama yule binti alikosea juu ya mfereji, angeweza kukosea juu ya nyama. Nikaweka punje juu ya gego, mwenzake wa chini akapanda kukutana nayo, nikabana polepole, kama nilivyoambiwa.

Ka.

Nililisikia mfupani, mahali pake pa zamani. Nikatoa punje ya katikati. Ka. Ya chini. Ka. Gunia la pili, la tatu, la nne, la tano, kila moja punje tatu, halafu tatu nyingine. Gunia la sita, juu: ka. Katikati: ka. Nikaingiza mkono mpaka begani, nikaleta punje ya chini kabisa, nikaibana. Ikalala. Nikachukua ya pili. Ikalala.

"Mzee, huku chini iko maji."

"Mama, hilo jino imekufa! Itasema nini?"

"Njoo uulize mwenyewe," nikamwambia, na nikampa punje.

Aliiweka mdomoni, akaitafutia pa kuiweka upande huu, akaitafutia upande ule, na hapo nikagundua jambo ambalo katika miaka yote ya biashara yetu sikuwahi kulihesabu: mzee hakuwa na jozi hata moja. Akaitema mkononi.

"Iko maji kidogo," alikubali.

Tukalimwaga gunia la sita juu ya turubai mbele ya depo. Wingu lilikuwa limeondoka. Alisema atasubiri, mtumbwi haumkimbii, akakaa juu ya benchi langu siku tatu, akila wali wangu, akiugeuza mpunga kwa mguu na kunieleza jua la Lokandu lilivyo kali kuliko hili. Siku ya tatu nilichota punje katikati ya turubai, nikaibana.

Mzee alilisikia lile "ka" kutoka kwenye benchi. Akainuka, akajipangusa suruali, akaja na kidole kimoja kimesimama, kana kwamba mnunuzi ni yeye.

"Matabishi yangu iko wapi?" alisema.